Nifungulie Sura ya STP

Nilipoanza kazi ya mitandao jijini Dar es Salaam, intaneti ilikuwa bado inashuka kutoka angani. Mkongo wa SEACOM ulitua pwani yetu mwaka 2009 na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo ofisi yenye uwezo ilikuwa na dishi la VSAT juu ya paa, na setilaiti yenyewe iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ukibonyeza kitufe, nusu sekunde inapita kabla jibu halijaanza kuonekana. Aliyethubutu kutazama somo la video kwa laini ile, tena ya kulipiwa kwa dola, alikuwa anajitafutia barua ya onyo. Basi tukasoma karatasi.

Karatasi zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na vitabu vinene vilivyokuja kwenye mabegi ya ndugu waliotoka Dubai au Uingereza, ambavyo vikishaingia mjini havikukawia kupitishwa steshenari na kutolewa kopi, michoro yote ikawa myeusi tii. Na kulikuwa na madesa: mafungu ya maswali yaliyovuja kutoka chumba cha mtihani, majibu yamepigiwa mstari, maelezo hakuna. Fundi kijana aliyetaka cheti cha mitandao cha CCNA alianzia kwenye madesa, kwa kuwa yalikuwa mepesi kubeba na gharama yake ni ya kopi tu.

CCNA ya Cisco ilianza 1998, na tangu hapo mtihani umebadilishwa mara kadhaa huku jina likibaki lile lile. Hapo ndipo wanunuzi wa vitabu vya mitumba walipokwama. Mwaka 2007 mtihani 640-801 uliupisha 640-802: mada ya ISDN ikaondoka, ya IPv6 ikaingia, mitandao isiyo na waya ikapewa nafasi. Muuzaji wa kando ya barabara pale Posta hakuwa na sababu ya kujua hayo. Kwake jalada lilikuwa zima na kurasa zote zimo. Mwenzangu mmoja alikesha na sura za ISDN hadi akazijua kuliko mtu yeyote ofisini, na siku ya pepa hakuulizwa chochote juu yake.

Mimi nilianzia kwenye orodha ya mada. Cisco wenyewe huitoa bure, kurasa chache kavu ambazo watu huziruka wakikimbilia vitabu. Niliibandika ukutani juu ya meza na kila kitabu nikakipima kwayo. Orodha ya mtihani wa sasa, 200-301, ulioanza Februari 2020, inaonyesha hadi uzito wa kila eneo: njia za IP asilimia 25, misingi ya mtandao 20, kuunganisha vifaa kwenye mtandao 20, usalama 15, huduma za IP 10, na uendeshaji wa kiotomatiki 10. Mtu akishaiona, kitabu kinachomaliza robo ya kurasa zake kwenye tabaka saba za OSI anakirudisha mezani kwa muuzaji.

Waandishi waliokuwa mikononi mwetu walikuwa wawili: Todd Lammle wa Sybex na Wendell Odom wa Cisco Press. Lammle anapiga soga. Odom anakagua mahesabu. Nilimpenda Lammle, lakini aliyenivusha ni Odom, hasa kwa yale maswali mafupi anayoyaweka mwanzoni mwa sura, kabla hujasoma lolote. Ukiyapata, unaruka. Ukiyakosa, unakaa kitako. Kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na kufika nyumbani baada ya foleni ya Ubungo, kujua sura ya kuruka ni nusu ya usomi. Na ninasisitiza kitabu kimoja. Nimewaona wenye vitabu vinne mezani; wanasoma sura tatu za kwanza za kila kimoja, wanazijua tabaka za OSI mara nne, na sura ya orodha za kuzuia na kuruhusu hawaifikii kamwe.

Lakini nitajuaje kama kitabu ni kizuri kabla sijakinunua? Kipimo changu nilikipata kazini, kwenye kampuni moja ya mizigo karibu na bandari. Kila asubuhi mtandao wao ulikuwa unapooza. Walikuwa wamenunua swichi mpya, zimeunganishwa kwa laini za gigabiti, na bado faili kutoka ghorofa moja kwenda nyingine lilikuwa linajikokota. Meneja alikwisha kuamua kwamba tatizo ni dishi na alikuwa tayari kulipia laini kubwa zaidi.

“Dada, usitupotezee muda,” aliniambia. “Sisi tunataka kasi.”

Nikamwomba saa moja. Niliiuliza swichi kuu nani ndiye mzizi wa STP, ile itifaki inayozuia ujumbe usizunguke bila kikomo pale swichi zinapounganishwa kwa njia zaidi ya moja. Ikanitajia anwani ya MAC isiyokuwa ya swichi yoyote mpya. Nikaifuata tundu kwa tundu hadi stoo iliyo chini ya ngazi, nyuma ya maboksi ya risiti, na pale ndipo ilipokuwa: swichi ya zamani ya megabiti 100, imejaa vumbi, kila mtu ameisahau. Mzizi huchaguliwa kwa kipaumbele, mwenye namba ndogo ndiye mshindi, na swichi zote kiwandani hupewa 32768. Zikitoshana, huangaliwa anwani ya MAC, na hapo pia ndogo hushinda. Kifaa cha zamani mara nyingi ndicho chenye anwani ndogo. Kwa hiyo kikongwe cha stoo kilikuwa kimetawazwa kihalali kabisa, na STP, ikilinda njia za kwendea kwake, ilikuwa imeifunga laini ya gigabiti baina ya swichi mbili mpya na kulazimisha data yote ipite stoo. Jioni, watu walipotoka, nikaishusha namba ya kipaumbele ya swichi kuu hadi 4096. Mtandao ukanyamaza kama nusu dakika, kisha ukaamka. Ile laini kubwa haikununuliwa.

Swali hilo hilo limo kwenye madesa: swichi nne, anwani nne, ipi itakuwa mzizi? Kwenye desa lililokuwa likizunguka ofisini kwetu jibu lililopigiwa mstari lilikuwa la anwani kubwa, yaani kosa tupu, na watu walilikariri vivyo hivyo. Hata lingekuwa sahihi, lisingemwambia mtu kwa nini swichi ya stoo inaweza kulipooza jengo zima. Kuna pia suala la mkataba: kila mtahiniwa anakubali kutoyatoa maswali nje, na Cisco wanaweza kukufutia cheti. Vijana huniona mnoko nikiyasema hayo, na mimi sijali.

Tangu siku ile ya stoo, kiwe kitabu au somo la video, nasema: nifungulie sura ya STP. Mwandishi akinieleza kwanza balaa linalotokea bila itifaki hiyo, kisha uchaguzi wa mzizi, kisha kwa nini usiuachie uchaguzi huo ujiendee wenyewe, nanunua. Akinipa jedwali la kukariri, namrudishia. Napenda pia akimtaja Radia Perlman, mwanamke aliyeibuni STP alipokuwa kampuni ya DEC na kuitungia shairi ndani ya andiko lake la 1985. Hilo la shairi si la mtihani. Ila kwa mwanamke aliyekuwa peke yake kwenye chumba cha seva, lilikuwa na uzito wake.

Kitabu bila kifaa hakitoshi. Packet Tracer ya Cisco ni ya bure na inatosha karibu CCNA yote, ingawa ni maigizo na amri nyingine haizijui. GNS3 inaendesha programu halisi za ruta, lakini programu hizo lazima uzipate kihalali. Mimi nilipata bahati ya ruta ya mtumba ya 2600 kutoka Kariakoo, imefungwa kwa neno la siri ambalo muuzaji mwenyewe hakulijua. Kuifungua kwa kukatiza uwashaji na kubadilisha rejista kuwa 0x2142 kulinifunza jinsi ruta inavyoamka kuliko sura yoyote, ingawa feni yake iliwanyima majirani usingizi.

Siku hizi mimi ndiye ninayeulizwa. Binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo alinijia na picha za majalada kwenye simu.

“Shikamoo mama. Ninunue kipi kati ya hivi? Vyote vimeandikwa 200-301.”

“Marahaba mwanangu. Angalia toleo.”

Ndiyo mtego wa sasa, tena mbaya kuliko ule wa 2007, maana safari hii hata namba haikubadilika. Agosti 2024 mada zilisogezwa hadi toleo 1.1: zana za kiotomatiki za Puppet na Chef zikatoka, Terraform ikaingia pamoja na habari za akili mnemba, na STP ikaongezewa vilinzi vya kumzuia mgeni asijitangaze kuwa mzizi. Odom alitoa toleo la pili la vitabu vyake viwili mwaka huo huo. Kile ambacho binti alikuwa ametajiwa bei poa ni toleo la kwanza. Si kibaya, nikamwambia. Sehemu kubwa bado iko vile vile, na vilinzi vya STP atavipata bure kwenye mafunzo ya Jeremy's IT Lab huko YouTube. Mtihani wenyewe ni dola 300 kabla ya kodi, hivyo asimalize fedha kwenye majalada. Tena laptopu yake haina tundu la kebo ya konsoli, ya kuingilia kwenye ruta na swichi. Anunue adapta ya USB kwanza, na kitabu kisubiri posho ya mwezi ujao.