Dakika 28

Mchezo ulipoisha, skrini iliniletea hesabu yangu kama inavyomletea kila mtu. Muda wa kuishi: dakika 28. Niliowaua: 0. Madhara niliyosababisha: 0. Wenzangu niliowainua: 0. Timu yetu ilishika nafasi ya pili, na aliyeifikisha hapo ni mimi, peke yangu, nimelala kifudifudi nyuma ya ukuta unaofika kiunoni. Nilitoka chumbani nikitegemea pongezi. Kaka yangu, aliyekuwa amekufa dakika ya 4 na kuutazama mchezo wote uliobaki kupitia macho yangu, alikuwa amesimama kwenye korido, chaja mkononi.

"Dakika 28," alisema. "Ulikuwa unafanya nini humo?"

Nilicheka. Sikuwa na jibu.

Ilikuwa Aprili 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi, nami nilikuwa nimerudi nyumbani Magomeni kutoka Dodoma na begi moja, nikiamini ni mambo ya wiki mbili. Mchezo wenyewe ni PUBG Mobile. Kwa asiyeujua: watu 100 wanaruka kwa miamvuli kutoka kwenye ndege, mikono mitupu, wanaokota silaha majumbani, na eneo salama linazidi kupungua mpaka waliobaki wabanane. Mnaweza kuingia wanne wanne, skwadi. Ukipigwa ukiwa na wenzako hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, damu inapungua taratibu, na mwenzako akikufikia na kukaa nawe sekunde kama 10 bila kuguswa, unainuka. Sekunde 10 ni chache ukizihesabu sebuleni. Mbele ya bunduki ni nyingi sana.

Skwadi yetu ilikuwa ya ukoo na mtaa. Kaka, mimi, jirani yetu anayeendesha bajaji (tulimwita Dereva, hata mchezoni), na binamu yetu aliyekuwa Muscat. Binamu alikuwa fundi wa viyoyozi, kazi zimesimama, viwanja vya ndege vimefungwa, anashinda kwenye chumba cha kupanga eneo la Ruwi akisubiri. Kwake usiku ulikuwa unaingia saa moja kabla ya kwetu, na kila siku alikuwa wa kwanza mtandaoni. Ndiye aliyekuwa anatuinua. Ukianguka mbali kiasi gani, utasikia, "Tulia, nakuja," na kweli anakuja, mara nyingine anakufa njiani.

Kaka alikuwa wa kurashi. Alishuka Pochinki kila mara, mji ulio katikati ya ramani ya Erangel ambako nusu ya ndege hushuka, akaokota bunduki ya kwanza aliyoiona na kukimbilia mlio wa karibu. Siku akiamka vizuri alimaliza skwadi nzima peke yake. Siku nyingine, ambazo ndizo nyingi, alirudi lobi kabla mimi sijapata kofia. Alidai roboti ambao mchezo unawachanganya na watu nao wahesabiwe katika sifa zake. Hatukukubaliana.

Mimi nilikuwa wa kukampi. Nataka niseme jambo kwa utetezi wa watu wa kukampi, kwa sababu tunatukanwa sana: kujificha vizuri ni kazi. Nilijua kwamba milango yote mwanzoni huwa imefungwa, kwa hiyo nyumba yenye mlango wazi imeshaingiwa na mtu, na huenda bado yumo. Nilijua kwamba ukipiga risasi moja, ramani ndogo ya kila aliye karibu inamwonyesha upande ulipo. Nilijua kutembea nimeinama ili nyayo zisisikike, na kulala upande wa kivuli. Na mchezo ulinilipa. Pointi za daraja zilihesabu sana nafasi unayomaliza, basi nikapanda mpaka Diamond huku bunduki yangu ikiwa bado na risasi zake zote. Kaka, mwenye maiti mara kumi zaidi yangu, alikuwa chini yangu daraja zima. Lilimuuma.

Mama alikuwa upande wangu. Akitusikia tukibishana alisema kutoka jikoni, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," kisha anaendelea na chapati zake. Kaka alimjibu kwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiswahili kina methali ya kila upande, kwa hiyo ubishi wa namna hiyo hauishi.

Aliyekuwa na la maana ni Dereva. Alisema hajali nani mwoga nani jasiri. "Pale Mapipa," alisema, "ukiamua kupita, unapita. Ukiamua kusubiri, unasubiri. Anayegongwa ni aliyeanza kupita akabadili mawazo katikati." Tulipoangalia mechi tulizopoteza vibaya, zote zilikuwa za namna hiyo. Kaka anaingia kwenye nyumba, Binamu anamfuata, Dereva anasita mlangoni, mimi nipo ng'ambo ya barabara. Adui wanne ndani wanakutana na wawili, wanawamaliza, kisha wanatoka nje kumaliza wawili waliobaki. Tungeingia wote wanne, au tusingeingia kabisa, pengine tungepona.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana nimejieleza kama mtu aliyezaliwa mtulivu.

Wiki ya kwanza nilikuwa naongea. Maiki yangu ilikuwa wazi kama ya wengine. Usiku mmoja Dereva hakuwa na bando, tukaacha mchezo utuchagulie mtu wa nne, akaingia kijana mmoja mwenye Kiswahili kizuri tu. Niliposema, "Kuna mtu kwenye ghala," alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe demu!" Akaomba namba. Nilipomwambia tucheze kwanza, alianza: nirudi jikoni, nani kanipa simu, na mengine ambayo sitayaandika. Kaka alikuwa ameshakufa, ameweka simu mezani, anakula. Binamu alimwambia yule kijana aache, akatukanwa na yeye. Mechi ilikuwa imebakiza dakika 15. Ningeweza kutoka, lakini ukitoka unapunguziwa pointi, na mimi nilikuwa mtu wa pointi. Nikalala kwenye nyasi, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Nilifunga maiki usiku ule na sikuifungua tena. Hata tulipokuwa wanne wa nyumbani sikuifungua, kwa sababu kila kipya kilinifanya niwaze: je, Dereva yuko na abiria? Je, chumbani kwa Binamu kuna watu wanasikia?

Haikuonekana kama tatizo, kwa kuwa kulikuwa na ukuta. Kaka yuko sebuleni, mimi chumbani, na ukuta wa nyumba yetu si mnene. Nikiona adui napiga kelele, "Kushoto, kwenye mti!" naye anawaambia wenzake, "Dada anasema kushoto, kwenye mti." Fikiria safari ya neno hilo: linapita ukutani, linaingia kwenye maiki ya Kaka, linaruka mpaka Muscat. Sekunde mbili, tatu. Walizoea. Dereva alikuwa anauliza kabisa, "Ukuta unasemaje?"

Vyuo vilifunguliwa Juni 1, nikarudi Dodoma. Ukuta ulibaki Magomeni.

Mechi ninayotaka kuisimulia ni ya wiki ya pili hosteli. Tulikuwa mimi, Kaka, Binamu, na mtu tusiyemjua, kwa sababu Dereva alikuwa ameanza tena kupata abiria wa usiku. Mgeni alikuwa mwanamume, mkimya, hakuwa amekosa adabu kwa yeyote. Tulikuwa tumeshuka kwenye kambi ya jeshi, kile kisiwa cha kusini, na zoni ikaangukia kaskazini. Wanaoucheza wanajua maana yake. Kisiwa kile kinaunganishwa na bara kwa madaraja mawili, na zoni ikienda kaskazini kuna watu ambao kazi yao ni kukaa upande wa pili wa daraja na kusubiri.

Nilivuka mapema, peke yangu, kwa mtumbwi wa injini, kama desturi yangu. Nilikuwa nimelala mlimani nikitazama mwisho wa daraja niliposikia gari la Binamu likianza kuvuka, yeye na mgeni ndani. Kaka alikuwa nyuma kwenye pikipiki. Na hapo niliwaona: watatu, nyuma ya magari yaliyoungua, mmoja amelala na darubini yake ikimeremeta.

Mchezo una kitufe cha ujumbe uliorekodiwa, sauti ya Kiingereza inayosema kuna maadui mbele. Nilikibonyeza. Lakini nilikuwa nimekibonyeza usiku ule kwa kila kivuli, na hakisemi wapi wala wangapi. Niliweka alama kwenye ramani. Anayeendesha gari haangalii ramani. Kidole changu kilikuwa juu ya alama ya maiki. Nakumbuka niliwaza kuhusu mgeni, kuhusu wenzangu watatu waliolala chumbani, na kwamba nikianza kuongea sasa, baada ya miezi miwili, itabidi niongee daima. Mawazo yote hayo, na gari liko katikati ya daraja.

Liliwaka. Mgeni alikufa palepale. Binamu aliruka akaanguka, akaanza kutambaa kuelekea kwenye nguzo. "Nani yuko karibu?" aliuliza. Alikuwa anaiona alama yangu kwenye ramani, mita 60 hivi. Nilikuwa na mabomu matatu ya moshi. Ningerusha mawili, nikashuka, na moshi ungetosha kwa zile sekunde 10, au usingetosha. Nilihesabu. Wao watatu, mimi mmoja. Nikishuka, tutakufa wawili. Hesabu ilikuwa sahihi, na hata leo naiona sahihi. Nililala. Binamu hakuuliza tena. Kaka alifika na pikipiki yake akirusha risasi hovyo, akauawa.

Nilimaliza wa tatu. Mabomu yangu matatu ya moshi yalikuwa bado begani.

"Hongera, dada," alisema Binamu, ambaye alibaki akinitazama mpaka mwisho. Hakukuwa na kejeli. Akatoka.

Hakuingia siku nne. Ya tano nilimpigia. Tuliongea habari za nyumbani, habari za ndege, kwamba bado hajaamua kama arudi ama asubiri kazi zifunguke. Kisha akauliza, "Siku ile ya daraja, uliwaona?"

"Niliwaona."

"Kabla sijafika?"

"Kabla."

Alinyamaza kidogo. "Mimi sikuwa nataka ushuke, dada. Kushuka ulikuwa wazimu. Ungesema tu watatu, mwisho wa daraja, ningegeuza gari."

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu kushuka. Nilikuwa na hesabu yote kichwani. Kuhusu hilo jingine sikuwa na chochote, nikamwambia sababu, ile ya yule kijana, na nilishangaa kwamba hakuwa ameisahau. Alikumbuka mpaka maneno.

Nilifungua maiki wiki ile. Naongea kwa kunong'ona, shuka kichwani, kwa sababu ya wenzangu chumbani. Mechi ya tatu mgeni mmoja akasema, "Wee, huyu ni mwanamke?" Ukibonyeza jina la mtu unaweza kumzima usimsikie. Kitufe hicho kilikuwepo tangu mwanzo. Nilimzima, nikaendelea.

Sijawa mtu wa kurashi. Kaka bado anashuka Pochinki, mimi nabaki nyumba ya nyuma, dirisha la juu, nikimhesabia. Jumamosi iliyofuata nilimwambia, "Wawili chini, mmoja anapanda ngazi, subiri, subiri, sasa." Aliingia, Dereva na Binamu nyuma yake, na mimi nikaanza kupiga dirishani ili wa juu asitoe kichwa. Kumbe kulikuwa na wa nne chooni. Tulikufa wote ndani ya dakika 6, nafasi ya 21, na nikashuka daraja.

Kaka anadai nilisema "sasa" mapema. Nilisema wakati unaofaa, yeye ndiye aliyechelewa mlangoni. Dereva anamuunga mkono Kaka. Binamu alisema anahitaji kuitazama tena kabla hajatoa hukumu, akauliza nani ana bando la mechi moja zaidi.