Ng'ombe Katika Maharage

Mwezi wa Mei mwaka 2015 tulitoka Goma alfajiri, tukashika njia ya Sake, kilomita kama 25 juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Kutoka Sake njia hupanda, na mara vilima vya Masisi hutokea, kijani kibichi, ng'ombe wametapakaa huku na huku. Jibini lile liuzwalo sokoni Goma hutoka huku. Mgeni hudhani amefika nchi ya raha. Kumbe karibu kila kilima kina shauri lake.

Asili yake ni ya zamani. Wakati wa ukoloni Wabelgiji walikata vilima kuwa mashamba ya wazungu. Mwaka 1973 Serikali ya Zaire iliwanyang'anya wageni mali hizo ikawapa raia, nao wenye vyeo wakapata fungu nono. Mwaka huohuo sheria ya tarehe 20 Julai ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa. Kuhusu ardhi ya mila iliahidi amri ya Rais, na miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutolewa. Basi mmoja ana hati, mwenzake ana jembe na makaburi ya babu zake.

Tulikuta watu wameketi chini ya mkalitusi: kapita, wazee watatu, katekista na mama mmoja mwenye busara. Ng'ombe wanane wa shamba kubwa walikuwa wameingia usiku katika maharage ya mjane, yakiwa katika maua. Mwenye shamba hukaa Goma. Alimtuma msimamizi wake.

"Ua wenu umeoza tangu mwaka jana," alisema mjane.

"Nawe, mama, umelima kupita mpaka," alijibu msimamizi.

Mzee mmoja akasimama. "Maneno hayapimi shamba. Twendeni."

Tulitembea saa nzima katika matope. Penye majani marefu kilionekana kisiki cha mpaka wa zamani. Kweli ua ulikuwa umeoza. Na kweli mistari michache ya mjane ilipita kisiki. Wote wawili walinyamaza.

Kwa nini hawakwenda mahakamani? Nauli ya Goma, ada, wakili, siku nyingi mbali na jembe: mjane angemaliza maharage yote kabla ya kusikilizwa. Ndiyo maana Tume ya Haki na Amani ya jimbo la Goma, na UN-Habitat tangu 2009, walishughulika na upatanisho wa namna hii. Hata hivyo tusidanganyane: baraza halina askari. Kama tajiri yule asingemtuma mtu, wazee wangeketi bure. Wala karatasi ya masikilizano haikumpa mjane hati yoyote.

Waliandika nakala tatu. Mjane angevuna yaliyosalia, kisha angerudi nyuma ya kisiki. Mwenye shamba angepanda minyaa mpakani na kulipa hasara. Msimamizi akatoa fedha mfukoni. Mjane alizikataa. Alitaka gunia moja la maharage, nalo lisiletwe sasa, bali mwezi wa Septemba, wakati wa kupanda, mbegu zinapokuwa ghali. Wazee walitazamana, kapita akaongeza mstari huo chini ya karatasi.