Juni ya Kwetu si Juni ya Maskati

Manundu, Korogwe

Mwanangu mpendwa,

Masika ya mwaka huu imeanza kwa kusuasua, ila mahindi ya kule bondeni karibu na mto Pangani yameshika. Nasikia huko kwenu Chanika, Handeni, mvua imewapita pembeni tena, Mungu awafungulie.

Baba yako amenipigia simu. Anasema umeshaanza kuweka nauli ya kwenda Maskati kwa dada yako, na kwamba unataka kwenda likizo ya Juni. Safari naiunga mkono kwa moyo wote. Dada yako ana miaka kule, na mtu wa kwao akibisha hodi ni furaha. Ninachokataa ni Juni, na nataka unisikilize kabla hujakata tiketi, maana tiketi ikishakatwa mtu husikiliza fedha yake tu.

Najua ulivyopiga hesabu. Juni shule zimefungwa, masika imekatika, kipupwe kimeingia, na alfajiri hapo Handeni mtu anatoka na sweta. Ukisimama mlangoni pako unaona dunia nzima imepoa. Lakini wewe ni mwalimu, sina haja ya kukuchorea ramani. Hapa Korogwe jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni limetuacha, limehamia kwa wenzetu. Maskati imekaa karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, pale jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini na kugeuka. Kwa hiyo mwezi huo linawakalia juu ya vichwa, wiki baada ya wiki, na mchana wao ni mrefu: linachomoza saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, linazama ikikaribia saa moja jioni.

Utaniambia joto tumelizoea. Ndiyo, Februari ya Handeni si mchezo, na Mombo mchana hata mbuzi wanagombea kivuli. Lakini sisi tukifika nyuzi 34 tunalalamika kijiji kizima. Maskati Juni kuvuka 40 si habari ya kumwambia mtu. Na kinachomchosha mgeni ni usiku zaidi ya mchana, maana sisi tumezoea kwamba jua likizama tunapumua. Kuna mji unaitwa Quriyat, uko pwani, kusini-mashariki ya Maskati. Juni 2018 joto lake halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Hiyo 42.6 ndiyo ilikuwa baridi ya siku ile! Wataalamu wa hali ya hewa waliitaja kuwa huenda ni rekodi ya dunia.

Miaka niliyofanya useremala Seeb, hapo hapo Maskati, niliyaona haya kwa karibu. Matangi ya maji yako juu ya mapaa, hivyo kiangazi ukifungua bomba la maji baridi unapata ya moto. Wenyeji wanazima hita ya bafuni mapema asubuhi, wanayaacha maji ya ndani ya hita yapoe, na hayo ndiyo wanayaogea. Ijumaa ukiacha kandambili zako nje ya msikiti penye jua, ukitoka unazipiga kwanza na maji ndipo uzivae. Na bahari iko pale pale, kwa hiyo kuna siku joto linakuja na unyevu juu yake. Mimi na hii miwani yangu, nikitoka ndani penye kiyoyozi nilikuwa sioni mbele mpaka niivue niifute. Serikali yenyewe inajua. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kufanyisha watu kazi juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Nchi inayowaonea huruma wajenzi, watu wa jasho, wewe unataka kwenda kutembea humo!

Kisha mfikirie mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa Juni haponyi mtu. Atakaa ndani na watoto wa dada yako, milango imefungwa, kiyoyozi kinanguruma, mpaka magharibi iingie. Atarudi Handeni akisema Omani ni chumba kimoja chenye zulia. Waomani wenyewe miezi hiyo wakipata nafasi wanakimbia, wengine milimani, wengine Zanzibar, na wengi wanashuka Salalah.

Habari ya Salalah inafaa uielewe vizuri, maana ni habari yetu pia. Upepo wa kusi unaotupoza Juni na Julai, unaoleta manyunyu ya mchoo Tanga na Pangani, hauishii Mombasa. Ukivuka Ikweta, mzunguko wa dunia unaupinda kuelekea mkono wa kulia. Unapita pwani ya Somalia kwa nguvu za ajabu, kisha unaifikia pwani ya kusini ya Omani, jimbo la Dhofar. Unavyovuma sambamba na ufuko unayasukuma maji ya juu ya bahari kwenda mbali na ufuko, na maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kuwa ukungu, na ukungu ukiikuta milima iliyo nyuma ya Salalah unaning'inia hapo, unanyunya. Wao wanauita msimu huo kharifu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, Maskati ikiwaka, Salalah iko kwenye nyuzi 25 hivi, na milima yake ni ya kijani ungedhani umepanda Lushoto. Upepo ni ule ule unaokuvalisha sweta Chanika.

Kwa hiyo kama ni lazima uende Julai, usiishie Maskati, nenda Salalah. Lakini ujue mambo matatu. Ghuba nzima inajua siri hiyo, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Na bahari ya Salalah msimu huo si ya kuogelea, mawimbi yanachukua watu. Na dada yako hakai Salalah. Kutoka Maskati ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Wazee wa Pangani hawakuhitaji kuambiwa haya. Majahazi ya Sur na Maskati yalikuja na kaskazi, kuanzia Novemba na Desemba, yamejaa tende na papa, yakageuka na boriti upepo ulipobadilika. Kusi ikichachamaa, Juni na Julai, vyombo vilifungwa pwani vikisubiri. Nahodha hakuuliza likizo yake iko lini. Siku hizi ndege inaruka mwezi wowote, ndiyo maana watu wamesahau kuuliza.

Likizo yako ni ya Desemba. Shamba la vuli mwachie mdogo wako, kupalilia anajua. Desemba na Januari Maskati mchana ni nyuzi 25 hivi, usiku 17 au 18. Watu wanatoka, wanakaa ufukweni Mutrah mpaka usiku, na ndani ya soko la hapo utasikia Kiswahili kila baada ya maduka machache, cha wale waliorudi kutoka Unguja baada ya 1964, na wengine wengi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mwambie shemeji yako akupeleke mji wa Nizwa Ijumaa asubuhi, mapema sana, kwenye mnada wa mbuzi. Wewe mtu wa minada utaupenda. Wanunuzi wanakaa na kusimama kwa duara, wauzaji wanawazungusha mbuzi mbele yao huku wakitaja bei, na anayemtaka anamsimamisha, anamshika meno.

Ukiwa hapo hapo Nizwa uliza Falaj Daris. Ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mpaka mashambani bila mashine yoyote, kwa mteremko tu. UNESCO waliiingiza mifereji mitano ya namna hiyo kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na huo ni mmojawapo. Usiutazame kama mtalii. Kaa kando yake, uliza maji yanagawanywaje. Zamani kila mwenye shamba alipewa muda wake, mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota, na mpaka leo zamu zipo. Katika nchi ile, Maskati inapata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka mzima, masika nzuri ya Korogwe huimaliza hiyo kwa wiki. Na bado wana mitende. Sisi Handeni mvua tunapata mara nyingi zaidi yao, inatiririka kwenda Pangani, na kiangazi kina mama wanaamka saa tisa usiku kutafuta ndoo moja. Hilo ningependa ulirudishe shuleni kwako, ulizungumze na wanafunzi.

Sweta uliyotaka kuiacha nyumbani, ibebe. Kule mlimani Jebel Akhdar, Januari usiku baridi inakaribia nyuzi sifuri, na gari la kupandia ni lile linalosukumwa na magurudumu yote manne tu, polisi wanakagua chini ya mlima.

Mvua zao ni chache ila ni za kuogopwa. Bonde kavu kabisa linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha milimani usikokuona. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wapatao 20, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa garini. Ukiona wingu, hata dereva akisema yeye mwenyeji, usikubali avuke maji. Vimbunga navyo vina miezi yake, Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Gonu kiliwapiga Juni 2007, Shaheen Oktoba 2021. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha Juni.

Halafu tazama mwandamo. Ramadhani sasa inaangukia Februari na kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, kwa hiyo inaisogelea Januari. Kufunga na dada yako ni jambo jema, lakini matembezi ya mchana yasahau.

Pasi ya kusafiria anza kuifuatilia sasa, Uhamiaji Tanga, usingoje Novemba. Masharti ya viza muulize dada yako ukikaribia, yanabadilika. Mzigo wa mtu usiyemjua usibebe, hata kama ni bahasha. Mimi niletee ubani wa Dhofar, ule mweupe unaoelekea kijani, dada yako anajua duka. Mama yako mkubwa yeye anataka tende mbichi za kutoka mtini. Nimemwambia hizo ni za Juni hadi Agosti, hasikii. Mpigie wewe umweleze.

Baba yako mkubwa