Karatasi Zilizopita Rumangabo

Katika miaka nilipokuwa mkata stensili wa gazeti dogo la Goma, mashariki ya Kongo, ambalo halina haja ya kutajwa jina maadamu halipo tena, aghalabu nilizijua hali za vita kwa kutazama rafu ya karatasi kabla sijawasha redio. Kwani rimu zetu zilitoka Kampala, zikaingia Bunagana, zikateremka Rutshuru na kupita Rumangabo, penye kambi ya jeshi na makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na hapo, kilomita zaidi ya 40 kaskazini ya mji, ndipo riziki yetu ilipozibwa.

Oktoba 2008, wapiganaji wa mkuu wa waasi Laurent Nkunda walipoitwaa Rumangabo, na walinzi wa hifadhi wakashika njia ya msituni kuitafuta Goma kwa miguu, mhariri alizipunguza kurasa zikawa mbili, akaamuru tuchape nyuma ya fomu kuukuu za shule. Mashine ilizungushwa kwa mkono, basi kukatika umeme hakukututisha. Kilichotutisha ni wino, ambao tuliuzimua kwa mafuta ya taa. Mzee yule alipenda kututajia Oslobođenje, gazeti la Sarajevo lililochapwa handakini katika mazingiwa ya 1992 hadi 1996, nasi tukicheka, maana sisi handaki letu lilikuwa mabati.

Lakini dhiki ile ilikuwa na adabu yake. Msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, aliyefika kutoka Rugari aliketishwa, akapewa chai, akaulizwa lipi aliloliona kwa macho na lipi alilosimuliwa. Na habari isiyokuwa na mashahidi wawili haikuchapwa, si kwa uchaji Mungu, bali kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa.

Ndipo tukaendelea, ikiwa kule ni kuendelea. Mashine ya stensili iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikaja mashine ya fotokopi. Na waasi wa M23 walipoingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, umeme ukakatika, mashine mpya ikakaa kama bibi harusi asiyesemeshwa. Jeshi la serikali liliirudisha Rumangabo mnamo Oktoba 2013, karatasi nazo zikarudi, ila wasomaji hawakurudi pamoja nazo.

Rumangabo ilianguka tena mikononi mwa M23 Oktoba 2022, ikakabidhiwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki Januari 2023, wala sikumsikia mtu akiuliza bei ya rimu. Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, maji, umeme na intaneti vikiwa vimekatika, vijana walitumia laini za Rwanda kuunasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, na sauti zisizo na wenyewe zikaenea simu hadi simu. Binti wa ndugu yangu alinisikilizisha moja, mtu akieleza kwa yakini mambo ya Rumangabo. Nikamuuliza ni nani aliyeyaona.

"Baba mkubwa," akanijibu, akishangaa uzito wangu wa kuelewa, "hii imeshatumwa mara nyingi."