USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Wahenga hawakuijua tarakilishi, lakini waliponena maneno hayo ya juu, ni kana kwamba walikuwa wameziona programu za siku hizi. Msomaji mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Jioni nikimaliza kazi ya ziada, hujifunza kuandika programu katika tarakilishi kuukuu niliyoachiwa na binamu yangu. Anayejifunza kuchonga mpini huanza kuyatazama majembe ya watu kwa jicho jingine. Basi nami nina maoni yangu kuhusu zana tunazotumia kila siku na jinsi zinavyouzwa.

Kwanza, kununua na kukodi ni mambo mawili. Ukinunua jembe ni lako, utalima nalo mpaka lichakae. Programu nyingi sasa hazinunuliwi, hukodishwa. Kampuni ya Adobe ilikuwa ikiuza programu zake za picha, unalipa mara moja, basi. Mwaka wa 2013 ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa kulipia muda tu. Usipolipa, unafungiwa nje. Hata neno "nunua" lenyewe si la kuaminiwa sana. Mwaka wa 2009, watu walionunua riwaya ya 1984 ya George Orwell ili waisome kwenye Kindle walikuta haipo. Amazon ilikuwa imeifuta kutoka mbali, kwa kuwa aliyeiweka sokoni hakuwa na haki ya kuiuza. Pesa zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini je, umewahi kuona mwenye duka la vitabu akiingia nyumbani kwako usiku kuchukua kitabu alichokuuzia?

Mambo haya si ya Marekani peke yake. Mama yangu ana kibanda cha unga, sukari na mafuta ya kupikia. Mwaka jana kijana mmoja wa mauzo alipita sokoni akiwashawishi akina mama waandike madeni ya wateja katika programu ya simu. Bure kabisa, alisema. Kweli ilikuwa nzuri: jina, kiasi, tarehe, na jumla inajihesabu yenyewe. Baada ya miezi mitano hivi, ikaanza kudai malipo ya kila mwezi. Mama hakuwa nayo, ulikuwa wakati wa karo. Kila akifungua, anaona tangazo la kulipa tu. Madeni yako ndani, yeye yuko nje. "Hii simu imenilia daftari langu," akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha. Wateja waaminifu walikuja wakataja madeni yao wenyewe. Wengine, mmh! Walianza kupitia upande wa pili wa barabara.

Sisemi kampuni isitake pesa. Anayeandika programu naye hula ugali. Kinachoniudhi ni kumfungia mtu kumbukumbu alizoandika kwa vidole vyake mwenyewe. Toza ada ukipenda, lakini mwachie mlango wa kutokea. Google ilipoifunga Google Reader mwaka wa 2013, wengi walinung'unika, lakini angalau walipewa nafasi ya kuchukua orodha zao kwanza. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inatambua haki ya mtu kupokea data zinazomhusu katika muundo unaosomeka na mashine. Huo ndio uungwana.

Pili, zana bora mara nyingi ni ile isiyo na madoido. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, ilitumika kwenye simu ya vitufe isiyo na intaneti, ndiyo maana hata nyanya yangu kule kijijini aliiweza. Kuna pia SQLite, programu ndogo ya kuhifadhi data aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka wa 2000. Imo ndani ya kila simu ya Android, haina ada, na waundaji wake wamesema wanakusudia kuitunza hadi mwaka wa 2050. Wakati huo nitakuwa mzee wa miaka kama arobaini! Siku hizi mama huandika madeni daftarini mchana, nami usiku nayaingiza katika programu fupi niliyoiandika kwa Python. Haina rangi za kupendeza. Lakini hesabu zake zinakaa katika faili ya maandishi matupu, ambayo tarakilishi yoyote itaifungua hata programu yangu ikifa.

Wenzangu, kabla ya kupakua chochote, jiulizeni: bando likiisha, itafanya kazi? Nikiacha kulipa, vitu vyangu vitabaki na nani? Mwenyewe akifunga duka, je? Kuuliza si ujinga. Na wewe mwenzangu unayejifunza kutengeneza programu, utakapoijenga nyumba yako, usisahau kuuacha mlango wazi.