Injini Isiyolala

Gari la kwanza la baba mdogo lilikuwa pikapu ya Peugeot 404, imefungwa bodi ya mabati nyuma na mabenchi mawili ya mbao. Dandora, mtaa wetu wa Nairobi, ilikuwa bado changa. Benki ya Dunia ilikuwa imetoa mkopo mwaka 1975, viwanja 6,000 vikapimwa, kila kimoja na choo na bomba lake, na watu wakawa wanajijengea chumba kimoja kimoja kadiri mfuko ulivyoruhusu. Tangu 1973 Rais Kenyatta alikuwa ameziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, basi mwenye pikapu alikuwa na biashara mkononi. Baba mdogo alikuwa na pikapu, na pikapu yake ilikuwa ya dizeli, jambo lililowachekesha majirani.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Gari la petroli lilipatikana kwa bei nafuu na liliwaka bila kubembelezwa, lakini matatu haikai. Inatoka kabla hakujapambazuka, inarudi watu wakishafunga milango, na kila safari inachoma mafuta. Dizeli inakula kidogo kwa safari ile ile, na injini yake huundwa nzito ili ihimili mgandamizo, hivyo huchukua miaka kuchoka. Alichozidisha siku ya kununua alikusudia kukirudisha stejini, kidogo kidogo, kila jioni. Asubuhi za baridi ya Julai majirani walipata sababu ya kucheka, maana hita plagi zilikuwa zimeungua na sisi watoto ndio tuliokuwa starata. Tulisukuma mpaka moshi mweupe ulipotutapakaa usoni, kisha tukaenda shule tukinuka dizeli. Ile 404 ilisomesha watu wengi wa ukoo wetu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikutafuta kazi mbali. Light Industries ya Kariobangi iko hatua chache kutoka kwetu, na huko nilimpata mzee mmoja aliyeshughulika na pampu na nozo peke yake. Injini yenyewe hakuigusa. Wengine walishusha hedi, wakachonga krenki, wakabadilisha ringi na slivu. Yeye aliletewa pampu imefungwa kwa gunia, akaifungua juu ya meza safi kuliko meza ya kulia chakula ya nyumba nyingi. Alikataza upepo, vumbi na watoto. Pistoni ndogo zilizo ndani ya pampu ya dizeli hukaa katika nafasi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na chembe moja ya mchanga wa Dandora ilitosha kuzikwaruza.

Nozo alizipima kwa mashine ya mkono. Unavuta mpini, mafuta yanapanda shinikizo, na yakifika kiasi cha mara 200 ya shinikizo la hewa nozo inafunguka na kurusha ukungu. Ukungu mwembamba, ulioenea sawasawa, wenye mlio mkavu wa kukatika, huo ulikuwa mzuri. Ikidondosha tone mwishoni, hiyo nozo itatoa moshi mweusi na kuchoma kichwa cha pistoni. Mzee alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona karibu, kwa hiyo alisikiliza. Aligeuza uso pembeni, akavuta mpini, akasema, "Hii rudisha kwa mwenyewe," au akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikuwa kupita.

Hiyo ilikuwa miaka ya Isuzu. Pikapu za mabati zilikuwa zimeondoka na nafasi yake ikachukuliwa na magari ya abiria 25 na zaidi, chesi za lori ndogo zilizoundwa Nairobi na kuvishwa bodi hapa hapa jijini, zikachorwa rangi na kufungwa spika zilizomaliza alternata kabla ya wakati wake. (Dandora ya Kalamashaka, wale wa hip-hop, haikukubali kusafiri kimya.) Ndani ya Isuzu NPR nyingi mlikuwa na injini ya 4BD1, silinda nne, lita 3.9, isiyo na mkanda wa kukatika kwa kuwa taimingi yake huendeshwa na giya. Sijapata kuona injini iliyostahimili dhuluma kama ile. Ilipakiwa kupita kiasi, ikacheleweshewa oili, ikaendeshwa na skwodi, dereva wa kushikia, asiyejua bei ya klachi, na bado ikaamka. Ikigonga, spea zilikuwa Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, na kama mpya zilikuwa ghali palikuwa na injini nzima iliyotoka Japani, imetumika, inauzwa juu ya kipande cha turubai. Gari lililokufa Jumatatu lingeweza kubeba watu Alhamisi.

Kilichotutesa kilikuwa mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na palipo na pengo la bei hapakosi mtu wa kulijaza kwa pipa. Hatukuhitaji maabara kujua. Pampu za Hiace na Nissan, ambazo hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, zilianza kuja zimekauka na kukwaruzika, kwa sababu mafuta ya taa hayana utelezi. Mwenye gari alilaumu pampu, dereva akalaumiwa na mwenye gari, na mwuza mafuta akanunua ploti. Serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua mchezo huo, mama wa Dandora mwenye stovu ndiye aliyelipa. Lakini ni kweli pampu za kukauka zilipungua.

Katikati hapo tulipita kwa John Michuki, waziri wa uchukuzi. Februari 2004 kanuni zake zilianza kutumika, mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na siku za mwanzo matatu nyingi zilikaa nyumbani huku watu wa Dandora wakienda mjini kwa miguu kupitia Juja Road. Kwangu mimi zile kanuni zilileta nafuu. Injini isiyokimbizwa huishi zaidi, hata kama dereva hatakubali mpaka kaburini.

Safari ya pwani ilikuja kupitia dereva wa lori. Alikuwa na tajiri mmoja Mtwapa mwenye boti ya kuvulia sulisuli kwa starehe, injini mbili za dizeli, zote mbili zimegoma, na mafundi waliomjia walikuwa wametaja bei iliyomfanya afikirie kuizamisha. Nilipanda basi la usiku na kisanduku changu cha nozo. Sikuwahi kufungua mashine ya boti, na njiani nilijiandaa kukuta kitu cha ajabu.

Nilikuta Perkins 4.236, imepakwa rangi nyeupe. Ni injini ile ile ya lita 3.9 iliyomo katika trekta za Massey Ferguson zilizolima Uasin Gishu na Trans Nzoia tangu kabla sijazaliwa. Mashine nyingi za boti ndogo duniani ni hivyo: bloku ya trekta au lori, imeondolewa rejeta na feni, ikafungwa kifaa cha kubadilishana joto ambapo maji ya bahari hupita upande mmoja na maji ya injini upande mwingine. Tajiri alikuwa ameagiza gasketi za hedi ng'ambo, kwenye duka la vifaa vya boti, kwa bei mara kadhaa ya zile za duka la trekta. Nililinganisha mpya na ya zamani juu ya kaunta ya bandari, tundu kwa tundu. Hapakuwa na tofauti isipokuwa kasha.

Nahodha wake, mzee wa Kibajuni aliyekuwa ameizoea ile boti kuliko mwenyewe, aliniangalia nikishangaa saa ya injini ilivyosoma kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "mashine hii haikuchoka. Imelala tu, na maji ya chumvi hayalali."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu ya miaka yote. Chukua kalamu: matatu ya Dandora inayofanya kazi saa 15 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, imetimiza saa 4,500. Boti ya starehe inayotoka mwisho wa wiki, saa mbili au tatu, ikiachwa tena miezi ya kusi bahari inapochafuka, ni bahati ikifika saa 100. Kazi ya mwaka mmoja ya matatu, boti ile itaimaliza kwa miaka 45. Lakini haitafika, kwa sababu inakufa kwa kutotumika. Impela ya mpira inayovuta maji inakauka na kuvunjika mbawa. Kiwiko cha ekzosi kinaliwa na kutu mpaka maji ya bahari yanarudi ndani ya silinda. Tangi lisilojaa hutoa jasho usiku, maji yanakaa chini, na palipokutana maji na dizeli huota utando mweusi unaoziba filta. Ile ya Mtwapa niliitoa filta ikiwa na uji.

Basi hesabu ya baba mdogo inageuka juu chini ukifika baharini. Faida ya dizeli hupatikana kwa saa za kazi, na boti ya starehe haina saa za kazi. Mwenye kutoka mara chache angetumia injini ya kuning'iniza nyuma, zile Yamaha za petroli wanazotumia wavuvi wa Lamu na Ziwa Viktoria, akanunua kwa bei ndogo, akainyanyua kutoka majini akimaliza. Tajiri aliniambia anaogopa petroli, na hakukosea: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini ya sakafu ya boti yenye injini ya ndani, na cheche moja inatosha. Dizeli haishiki moto kwa urahisi hivyo. Alikuwa analipia usingizi wake mwenyewe, na hayo ni matumizi halali ya pesa.

Gasketi, nozo na ringi nilimtafutia Nairobi. Vitu vya maji ya chumvi sikuthubutu kubuni. Jua kali ina kikomo, na bolti ya chuma cha kawaida baharini ni kikomo chenyewe. Hivyo alinunua kwa bei ya ng'ambo, akanung'unika, akalipa. Kuna jambo moja la kumhurumia hata tajiri: katika kila lita ya dizeli mna tozo ya kutengeneza barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, na boti haijawahi kuingia shimo la Outer Ring.

Nimeendelea kwenda pwani mara kwa mara, na mabadiliko niliyoyaona huku nimeyaona kule. Kuanzia Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, hewa ya stejini ikapata nafuu, na njia ikafunguka kwa injini mpya za komon reli. Hizi hazina pampu ya mzee wangu. Mafuta hubanwa ndani ya bomba moja kwa shinikizo la mara 1,600 ya lile la hewa na zaidi, kisha kompyuta inaamua kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani. Ni injini tamu. Haitoi moshi, inakula kidogo, inavuta vizuri. Lakini injekta yake moja ni ghali kuliko seti nzima ya nozo za 4BD1, na mafuta machafu ambayo 4BD1 iliyatafuna kwa hasira, hii inayakataa kabisa. Oktoba 2023 dizeli Nairobi ilipofika shilingi 205.47 kwa lita, wenye matatu walizitamani injini hizi kwa sababu ya ulaji wake na kuziogopa kwa sababu ya injekta zake. Wengine wanatazama mabasi ya umeme, ambayo BasiGo ilianza kuyajaribu jijini mwaka 2022, wasijue wacheke au wakope.

Binti wa mzee wa pampu sasa ndiye mwenye kile kibanda. Ana kompyuta ndogo na waya wa kuchomeka chini ya usukani, na foleni yake ni ndefu kuliko ya baba yake. Nilimpelekea gari lililopoteza nguvu nikiwa na uhakika kuwa ni pampu. Alichomeka, akasoma. "Pampu ni nzima, mzee. Ni sensa ya shinikizo." Alikuwa sahihi, na ilimchukua dakika chache. Kinachomsumbua ni programu. Za halali zinauzwa kwa bei ya karakana kubwa, hivyo vijana wa Light wanatumia za kunakili, ambazo husoma hitilafu lakini kwa magari mengine hukataa kuifuta, au kukubali injekta mpya. Gari limetengenezwa na bado haliendi. Pale Kariobangi abiria anashuka na kupanda lingine. Nyuma ya miamba ya Mtwapa, kompyuta ikiamua kupunguza nguvu za injini kwa sababu ya sensa, na mkondo unavuta nje, hakuna pa kushukia.

Kwa sababu hiyo, wakinipigia simu kuuliza injini ya kununua, ya matatu au ya boti, bei huwa naiacha mwisho. Naanza na fundi: yuko wapi, ana vifaa gani, na spea atazipata kwa siku ngapi. Kwa 4BD1 jibu lilikuwa Kariobangi, spana, na kesho. Wanaoingiza injini mpya nchini wanaweza kulifanya jibu liwe hilo tena. Wawauzie mafundi wa Light Industries programu halali kwa bei ya kibanda, na wawafundishe papo hapo Kariobangi, maana ndiko magari yao yanakofikia dhamana ikishaisha.