Kulala Katika Baridi ya Antaktika

Tarehe 27 Juni, 1911, Waingereza watatu, Dr. Wilson, Luteni Bowers na kijana Cherry-Garrard, waliondoka katika nyumba ya Kapteni Scott huko Antaktika, wakaelekea Cape Crozier, mwendo wa zaidi ya maili 60, kutafuta mayai ya pengwini wakubwa. Ni ajabu watu wazima kujitesa kwa ajili ya mayai. Lakini ndege hao hutaga wakati wa kipupwe tu. Mwezi huo jua halichomozi kabisa huko, na baridi ilishuka hata digrii 77 chini ya sufuri kwa kipimo cha Farenhaiti.

Yamkini msomaji atadhani adui wao mkubwa alikuwa upepo. La, kila usiku adui alikuwa maji, tena maji ya miili yao wenyewe. Jasho na pumzi viliganda katika nguo na katika mifuko ya ngozi waliyolalia. Mfuko wa Cherry-Garrard ulikuwa na uzito wa ratili 18 walipoanza safari. Waliporudi ulikuwa ratili 45. Jioni ulikuwa mgumu kama ubao, naye alijipenyeza kidogo kidogo, akiuyeyusha kwa joto la mwili wake, kisha akalala katika majimaji.

Siku moja alitoka hemani akainua kichwa kutazama. Nguo zikaganda papo hapo, akakokota mzigo saa nne bila kuweza kuinamisha shingo. Tangu hapo wote walitangulia kuinama, kama watu wavutao, kabla nguo hazijakauka kwa barafu.

Hata viberiti vilitaabisha. Vilipotolewa penye baridi na kuingizwa penye joto kidogo la jiko la mafuta ya taa, vilipata unyevu, na mara nyingine masanduku manne yalijaribiwa kabla njiti moja haijawaka.

Mwezi Julai, huko Cape Crozier, tufani ilinyakua hema, kisha ikararua paa la turubai la kibanda cha mawe walichokuwa wamejijengea. Bila hema hapakuwa na kurudi. Walilala katika mifuko yao, theluji ikiwafunika, hata upepo ulipopungua wakaliona hema chini ya mteremko, kama nusu maili, nalo ni zima. Tangu usiku ule Bowers alilala amejifunga kamba, na ncha ya pili ameifunga hemani, ili likichukuliwa tena limchukue na yeye.